Pikapu Ikifika 120: Dhana Potofu Kuhusu Upepo, Gia na Difu

Pikapu inachomoka vizuri kutoka kusimama, lakini ikifika kilomita 120 kwa saa ukikanyaga mafuta inaitikia kivivu. Nozeli zinafunguliwa, turbo inalaumiwa, pesa inatoka. Mara nyingi injini ni nzima. Tatizo liko kwenye upepo na gia.

Dhana: Kwa pikapu kinachohesabika ni uzito, upepo ni mambo ya magari ya mashindano.

Uzito hutawala kwenye spidi ndogo. Spidi ikiongezeka maradufu, upinzani wa hewa unakuwa mara nne, na nguvu ya kuushinda inakuwa mara nane. Kwa pikapu ya kabini mbili, hewa peke yake hudai takriban kilowati 8 kwenye 80, kilowati 27 kwenye 120, na 63 kwenye 160. Injini ya dizeli ya kilowati 150 hufikisha kama 127 kwenye matairi. Upepo na msuguano wa matairi vikishachukua chao, salio ndilo linaloongeza spidi. Kwenye 160 ni kilowati 50 na ushee tu.

Ndiyo maana keria tupu juu ya kabini huuma hata kama ina kilo 30 tu. Ishushe safari ikiisha.

Dhana: Ukishusha mlango wa nyuma wa bodi, upepo unapita na gari linakuwa jepesi.

Ni kinyume. Mlango ukiwa umefungwa, hewa hujikusanya ndani ya bodi na kuzunguka kama pipa linalobingirika, na upepo unaotoka juu ya kabini huteleza juu yake. Tazama majani makavu au mfuko mtupu ndani ya bodi gari likiwa kasini: haviendi nyuma, vinarudi mbele na kuzunguka nyuma ya kabini. Ukishusha mlango unauvunja mzunguko huo, na kwa kawaida upinzani unaongezeka. Turubai lililokazwa bapa, usawa wa kingo za bodi, husaidia kidogo. Likilegea likapigapiga, faida inapotea.

Dhana: Gia ya juu kabisa ndiyo ya kukimbilia.

Gia ya sita ni ya kupumzisha injini. Chukua injini yenye torki (nguvu ya kuzungusha) ya nyutoni-mita (Nm) 500 kati ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 1,600 na 2,800, na kilowati 150 kwenye 3,400. Difu (gia za ekseli zinazopeleka nguvu kwenye matairi) ina uwiano wa 3.9, yaani huzungushwa mara 3.9 tairi likizunguka mara moja, na matairi ni ya saizi 265/65R17. Kwenye 120, gia ya sita (uwiano 0.58) injini iko karibu RPM 1,850. Torki yote ipo, lakini tairi linasukuma kwa takriban nyutoni 2,900. Shuka hadi ya nne (1.0): RPM ni 3,200, torki imeshuka kuwa kama Nm 430, na bado msukumo ni nyutoni 4,300 hivi, kabla ya hasara za giaboksi. Unapotaka kulipita lori, shusha gia kwanza ndipo utoke kwenye mstari wako. Ukisubiri sita ivute, utabaki upande wa pili wa barabara kwa muda mrefu kuliko ulivyokadiria.

Dhana: Difu ya 4.56 itaongeza mwendo kila mahali.

Itasaidia kuondoka, kuvuta trela na kupanda milima. Lakini kwenye 120 ile ile, gia ya nne sasa inadai RPM 3,740, nguvu ya juu kabisa imeshapita. Ukipanda ya tano (0.687), msukumo ni nyutoni 4,000 hivi, chini ya ulizokuwa nazo mwanzo. Umelipia krauni na piniani (gia za ndani ya difu) kwa kitu usichokipata kwenye spidi hiyo. Na kwenye 4x4, difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane, la sivyo ukiingiza 4H (magurudumu yote manne yanavuta, gia ya kasi) barabarani unavunja giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Dhana: Matairi makubwa hayagusi mwendo.

Kutoka 265/65R17 kwenda 285/75R16, kipenyo hupanda kutoka milimita 776 hadi 834, yaani asilimia 7. Msukumo katika kila gia hupungua karibu kiasi hicho, gari linainuka na upepo zaidi unaingia chini. Spidomita ambayo awali ilisema kweli itaonyesha 100 ilhali unakwenda 107. Kwa matairi hayo, difu ya karibu 4.2 ndiyo inayorudisha hesabu ya awali.