Kuhusu hili la "msimkumbushe"

Mimi ni mshauri wa wanajeshi wenye kiwewe, na jamaa zao, wajomba na wengine, huniambia: msimkumbushe vita, mtamtonesha. Naandika mara moja, nikiulizwa tena nitatuma hii. Kumtaka mwanajeshi mstaafu asimulie ya vitani si kumtonesha kidonda. Jeshi letu la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011. Waliorudi Lamu na kiwewe huambiwa nyumbani maneno yaleyale: mwacheni, atasahau. Hasahau. Anakwepa boti iliyojaa, anakwepa harusi, anakwepa jenereta inayotia moshi. Kila anapokwepa anapata nafuu ya saa moja, na ubongo unaandika: kweli palikuwa na hatari.

Lakini pia si "kutoa dukuduku". Tiba ya mwanasaikolojia Edna Foa ya kuikabili hofu ina vipimo: vikao 8 hadi 15, dakika 90 kila kimoja. Mgonjwa anafumba macho, anasimulia tukio moja kana kwamba linatokea sasa hivi, "nashika mlango wa gari, una moto", na akimaliza anaanza tena, kwa dakika 30 hadi 45. Kila dakika 5 namuuliza hofu ni ngapi, 0 hadi 100. Tunarekodi, anasikiliza kila siku nyumbani. Anayeharibu mara nyingi ni mshauri mwenyewe: hofu imefika 90, machozi yanatoka, yeye anakatiza na kuleta maji. Huko ndiko kutonesha!

Halafu kuna ngazi ya mazoezi: yale anayoyakwepa, yamepangwa kwa kiwango cha hofu. Kwa 40, akae barazani akiupa mgongo uchochoro. Kwa 60, Ijumaa aswali safu ya mbele bila kugeukia mlango. Tatizo ni kwamba hofu huchukua muda kushuka, na swala ikiisha bado iko juu. Basi asiinuke, abaki na nyiradi zake mpaka ipungue angalau nusu. Kwa 75, boti ya kuvuka kwenda Mokowe, bara, ikiwa imejaa.

Barabara ya Witu kwenda Garsen siiweki kwenye ngazi. Magari yameshambuliwa kule, na mazoezi ni ya mahali salama tu. Hapa ndipo ninapokwama: tiba hii ilijaribiwa sana kwa watu waliorudi mbali na vita. Kwa anayeishi ukingoni mwa msitu wa Boni, wanakojificha wapiganaji wa al-Shabaab, dalili inaishia wapi na akili timamu inaanzia wapi?

Tena si dawa ya uhakika. Utafiti wa Marekani wa 2022, wanajeshi wastaafu 916, uliilinganisha na tiba ya mwanasaikolojia Patricia Resick ya kuchambua fikra, vikao 12. Tofauti ya matokeo ilikuwa ndogo. Asilimia 56 hawakuimaliza ya Foa, asilimia 47 ya Resick. Wapo wanaoacha kabla nafuu haijafika, na ile "msimkumbushe" yenu huwapa sababu ya kuacha, ndiyo maana hunikera.

Na siku mgonjwa anapopanda boti, mjomba, usimsindikize. Akivuka nawe ubavuni, hofu itasema ni wewe uliyemwokoa.