Pasta kwa Rojo la Pilipili Kavu: Pale Mexico na Italia Zinapokutana Jikoni

Watu wengi wanapotaka kuchanganya upishi wa Mexico na wa Italia huanzia kwenye vitu. Huchemsha pasta, huimwagia salsa (rojo la nyanya na pilipili la Mexico) ya chupa, hurundika juu yake jibini, mahindi, parachichi na krimu, kisha hushangaa kwa nini ladha zote zinagombana mdomoni. Mimi hufundisha upishi wa pasta, na jambo ninalolisisitiza kwa wanafunzi wangu ni kwamba mchanganyiko huu hufanikiwa pale tunapounganisha mbinu za pande zote mbili, wala si mahitaji tu. Wamexico ni mabingwa wa kutengeneza rojo kwa pilipili kavu, na Waitaliano ni mabingwa wa kulifanya rojo liishike pasta. Kila upande ukiachiwa kazi unayoimudu zaidi, chakula huwa rahisi na mahitaji huwa machache.

Undugu wa meza hizi mbili ni wa siku nyingi. Nyanya na pilipili zilikuwa zikilimwa Mexico kabla Wahispania hawajaanza kuivamia mwaka 1519, na ilipofika 1544 nyanya ilikuwa tayari imetajwa katika maandishi ya mtaalamu wa mimea nchini Italia. Maelekezo ya mapema ya rojo la nyanya yaliyochapishwa Napoli mwishoni mwa karne ya 17 yalitaka nyanya zichomwe kwenye makaa, zimenywe, zikatwekatwe pamoja na kitunguu na pilipili, kisha zitiwe chumvi, mafuta na siki. Yeyote aliyewahi kula Mexico ataitambua salsa hiyo mara moja. Pasta nayo ilifika Mexico kupitia kwa Wahispania, na hadi leo tambi nyembamba ziitwazo fideo hukaangwa huko mpaka zibadilike rangi, ndipo zikapikwa ndani ya nyanya zilizosagwa.

Kwa watu wanne, andaa gramu 400 za pasta fupi yenye tundu na mistari, kama vile rigatoni au penne, kwa sababu rojo hili ni zito na linahitaji mahali pa kuingia na kujishikiza. Andaa pia pilipili kavu tatu za ancho, chipotle moja, gramu 500 za nyanya zilizoiva vizuri, nusu ya kitunguu maji, punje tatu za kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba, kijiko kimoja cha chai cha oregano kavu, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya zeituni, gramu 60 za jibini la pecorino au parmesan lililokunwa, ndimu moja na majani ya giligilani. Ukipenda chakula kishibishe zaidi, ongeza kikombe kimoja cha maharagwe meusi yaliyokwisha kuchemshwa. Waitaliano wenyewe hula pasta kwa maharagwe tangu zamani, kwa hiyo hakuna ugeni hapo.

Ancho ni pilipili ya poblano iliyoachwa mtini mpaka ikawa nyekundu, kisha ikakaushwa. Ukali wake ni mdogo na ladha yake ina utamu unaokaribia wa zabibu kavu. Chipotle ni pilipili ya jalapeño iliyoiva na kukaushwa kwa moshi, nayo ndiyo inayoleta ukali pamoja na harufu ya moshi. Ndiyo maana nimeweka moja tu, kwani chipotle mbili huweza kuifunika nyanya kabisa. Zifute pilipili zote kwa kitambaa, zipasue, uondoe vikonyo, mbegu na zile nyuzi nyeupe za ndani. Ukali mwingi wa pilipili umo katika nyuzi hizo kuliko katika mbegu, hivyo anayetaka chakula kikali aziache kiasi.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua kila kitu. Pasha kikaango kikavu kwa moto wa wastani, laza pilipili zikiwa zimefunuliwa, na uzigandamize kwa mwiko kwa sekunde 15 hadi 20 kila upande. Utaona ngozi inatutumka kidogo na kulainika, na harufu itajaa jikoni ghafla. Ziondoe hapo hapo. Pilipili iliyoachwa hadi ikaanza kutoa moshi na kuwa nyeusi huwa chungu, na uchungu huo hauondolewi kwa sukari wala kwa chumvi. Ikikutokea, itupe na uchukue nyingine. Ziloweke katika maji ya moto kwa dakika 20. Wakati zikiloweka, tumia kikaango hicho hicho kubabua nyanya, kitunguu na kitunguu saumu kikiwa na maganda yake, mpaka vipate madoa meusi na kuanza kulainika. Menya kitunguu saumu, kisha usage vyote pamoja na pilipili, bizari, oregano na maji safi kidogo, mpaka rojo liwe laini kabisa. Maji ya kulowekea yaonje kwanza, na yakiwa machungu uyamwage.

Rojo linapotoka kwenye mashine huwa na rangi hafifu kwa sababu ya hewa iliyoingia, na ladha yake bado ni mbichi. Hapa Wamexico hufanya jambo ambalo wapishi wengi wa pasta hulipuuza: hulikaanga. Pasha mafuta katika kikaango kipana mpaka yapate moto vizuri, ulimimine rojo lote kwa mara moja, na ukae mbali kidogo kwani litaruka. Koroga kwa dakika nane hadi kumi. Rangi itageuka kuwa nyekundu iliyokolea, mafuta yataanza kujitenga pembeni, na mwiko ukipitishwa chini ya kikaango utaacha njia isiyojifunga mara moja. Kemikali inayoleta ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta na si katika maji, kwa hiyo ukaangaji huu husambaza ukali kwa usawa katika rojo zima.

Sasa tunahamia Italia. Chemsha pasta katika lita tatu za maji yenye takriban gramu 25 za chumvi. Napunguza maji kwa makusudi, kwa kuwa maji yakiwa machache wanga unaotoka kwenye pasta hubaki mwingi ndani yake, na wanga huo ndio unaounganisha mafuta na maji yasitengane. Itoe pasta dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, ikiwa bado na ugumu katikati, na uitie moja kwa moja kwenye rojo pamoja na upawa mmoja wa maji yake. Kama unatumia maharagwe, yatie sasa. Koroga na kurusha kwa moto mkali kwa dakika mbili. Pasta itamalizia kuiva kwa kunywa rojo, na rojo litang'aa. Likikauka, ongeza maji kidogo kidogo.

Zima moto na usubiri kama dakika moja kabla ya kutia jibini huku ukikoroga, kwa sababu jibini likikutana na joto kali hugandamana na kuwa mabonge yenye nyuzi. Onja chumvi mwishoni tu, maana jibini na maji ya pasta vyote vina chumvi. Kamulia nusu ya ndimu wakati huo huo, kwani harufu yake hupotea haraka ikipikwa, kisha nyunyiza giligilani. Ukipata jibini la cotija la Mexico, usilichanganye ndani. Haliyeyuki, na kazi yake ni kufikichwa juu ya sahani.

Rojo lenyewe, bila pasta, hukaa vizuri kwenye friza, hivyo napendekeza utengeneze mara mbili ya kipimo hiki kwa wakati mmoja. Siku ya kulitumia, lipashe kwa mafuta kidogo kabla ya kuingiza pasta mpya.