Mwalimu, si kila kitu cha kidijitali kinakula bando

Walimu wengi huku Mwanza, hasa wa visiwani kama Ukerewe, wanaamini zana za kidijitali ni za shule zenye intaneti muda wote. Inaeleweka kabisa, bando ni hela, na mtandao ukikata katikati ya kipindi darasa zima linakutazama wewe.

Ila nyingi zinahitaji intaneti siku ya kupakua tu. Mfano Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila mtandao, unashusha Wikipedia ya Kiswahili kama faili moja ukiwa mjini kwenye Wi-Fi kabla hujapanda meli ya Nansio, ukifika unaisoma hata simu haina laini, na mwenzako unamhamishia kwa memori kadi. GeoGebra, programu ya kuchora grafu za hisabati, nayo ukishaiweka unaandika y = 2x + 1 mstari unatokea palepale, badilisha 2 iwe 5 wanafunzi wanauona unasimama zaidi, yaani hapo mteremko unaeleweka bila maneno mengi.

Jaribu mwenyewe nyumbani: funga programu kabisa, zima data na Wi-Fi, ifungue upya, pitia somo lako lote mpaka mwisho. Ikigoma sehemu, hiyo sehemu ndo inataka mtandao.