Simu ya kawaida kwenye swichibodi ya ofisi: yanayosemwa na ukweli wake

Ofisi nyingi hapa Tabora zikifunga swichibodi mpya, yaani mtambo unaogawa simu za ofisi, simu za mezani za zamani hukusanywa na kurundikwa stoo. Inauma kuona hivyo, maana nyingi bado nzima na bado zina kazi.

Dhana: Swichibodi haikubali simu ya kawaida, lazima ununue simu zake.

Ukweli: Swichibodi nyingi zina matundu ya aina mbili, ya analojia na ya dijitali, au zinaweza kuongezewa kadi ya matundu ya analojia. Tundu la analojia linaipa simu ya kawaida umeme ilioumbiwa: volti 48 hivi ikiwa imetulia, na karibu volti 90 za kuliza kengele. Tundu la dijitali lina lugha yake ya kiwandani. Humo simu ya kawaida haifanyi kazi. Mapokezi wapewe simu yenye skrini na vitufe vingi, ni haki yao. Mlinzi getini, jikoni na vyumba vya wageni wanatosheka na ya kawaida. Hata swichibodi ya mtandao inaikubali kupitia adapta ndogo.

Dhana: Plagi ikiingia, hapo ndipo pake.

Ukweli: Hapana. Plagi ndogo ya simu, RJ11, inaingia vizuri tu kwenye tundu pana la mtandao, RJ45, lakini kingo zake zinaweza kupinda pini za pembeni. Tafuta tundu lililoandikwa SLT, yaani tundu la simu ya kawaida. Kama hakuna maandishi, muulize fundi kabla hujachomeka.

Dhana: Simu ya kawaida haiwezi kumhamishia mtu mazungumzo.

Ukweli: Inaweza, na hili ndilo linalozipeleka simu nyingi stoo bure. Itazame: kuna kitufe kimeandikwa R au FLASH. Ukikibonyeza, simu inakata laini kwa sehemu ndogo ya sekunde, swichibodi inamweka mpigaji asubiri, nawe unasikia mlio wa kupigia. Piga ekstensheni (namba ya ndani) ya mwenzako, akiitika mweleze nani anamtafuta, kisha weka mkonga chini.

Shida ni urefu wa mkato huo. Simu zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza hukata kama milisekunde 100, za Marekani kama 600. Mkato ukiwa mfupi kuliko swichibodi inavyotarajia, hakuna kinachotokea. Ukizidi, swichibodi inadhani umekata simu na mteja wako anapotea. Simu haina kosa. Fundi anarekebisha muda huo kwenye mipangilio ya swichibodi, basi.

Geuza pia simu uangalie kiswichi cha T (kupiga kwa milio) na P (kupiga kwa mapigo). Kikiwa P, nyota na reli hazitumiki. Kiweke T.

Dhana: Simu ya waya haijali umeme kukatika.

Ukweli: Hiyo ni kweli kwa laini ya waya wa shaba inayotoka moja kwa moja kwenye kituo cha simu, ambako kuna betri. Simu iliyo nyuma ya swichibodi inakula umeme wa swichibodi, na TANESCO wakikata inanyamaza kama hakuna UPS (betri ya akiba). Lakini baadhi ya swichibodi, umeme ukizimika, huunganisha laini moja ya nje na ekstensheni moja maalumu, na ekstensheni hiyo lazima iwe na simu ya kawaida. Hata kama ofisi yako imeamua kununua simu mpya zote, bakiza hiyo moja, na wafanyakazi wajue iko wapi.

Dhana: Radi inaingia kwa waya unaotoka kampuni ya simu tu.

Ukweli: Waya unaopita hewani kutoka jengo kuu hadi getini ni njia tosha, na masika yetu yana radi kweli. Weka kinga ya radi ncha zote mbili, na swichibodi iwe na ethi.

Dhana: Kwenye dharura unapiga 112 tu.

Ukweli: Swichibodi nyingi zinataka kwanza uombe laini ya nje, mara nyingi kwa 9 au 0. Mwambie fundi aruhusu 112 ya polisi na 114 ya zimamoto zipite bila kiambishi, kwenye kila ekstensheni. Akishindwa, bandika karatasi yenye namba kamili ya kupiga kando ya kila simu, ukianzia kwa mlinzi.