Nguvu ya Tanzania haiko kwenye vifaru tu

Watu wengi wakisikia nchi fulani ina nguvu wanawaza vifaru na ndege za kivita, basi. Hiyo ni nguvu kali, ipo na hatuidharau hata kidogo, ila kwenye diplomasia kuna na nguvu laini, yaani mwenzako anakusikiliza kwa sababu anakuheshimu na anakuamini, hujamtisha wala hujamlipa.

Sisi tumezitumia zote. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, Mwalimu Nyerere akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Pale hapakuwa na namna nyingine, mtu kashaingia ndani kwako. 2008 vijana wetu wakaenda Anjouan kule Komoro chini ya Umoja wa Afrika, wakamng'oa Kanali Mohamed Bacar aliyegoma kuachia madaraka. Lakini nguvu kali ina bili yake, na waliokuwepo miaka ya 80 mwanzoni wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, vita ile pamoja na bei ya mafuta kupanda vilitukausha kabisa.

Sasa kwenye nguvu laini, njoo Mazimbu, Morogoro. Mwaka huohuo 1978 ANC, chama kilichokuwa kinapigania ukombozi wa Afrika Kusini, walianzisha shule pale kwenye ardhi tuliyowapa bure, baadaye wakaiita Solomon Mahlangu, jina la mpiganaji wao aliyenyongwa na makaburu, wakajenga madarasa, mabweni, hospitali, wakalima na kufuga, na wenzao waliofia huku wakawazika palepale, makaburi yapo mpaka leo. 1992 walipokuwa wanarudi kwao wakatukabidhi majengo yote, leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Na kumbuka hatukuwa matajiri, tuligawana kidogo tulichonacho na watu waliokuwa wanafukuzwa kila kona.

Ndo maana mimi siamini kama ni bahati tu kwamba 2018 Afrika Kusini walitangaza kukiingiza Kiswahili kwenye shule zao kama somo la hiari, 2019 SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakakifanya lugha rasmi, halafu 2021 UNESCO wakatupa Julai 7 iwe siku ya Kiswahili duniani. Heshima ile ya zamani bado inatulipa.

Kinachoniuma ni kwamba tunaila bila kuiongezea. Nchi ikitaka walimu wa Kiswahili haisubiri Mtanzania amalize vikao, Wakenya wapo, Waganda wanajifunza kwa kasi, na kujua kukiongea tangu utoto sio sawa na kujua kumfundisha mgeni, ile ni kazi ina mbinu zake kabisa. Kwa hiyo kama umesoma Kiswahili na uko mtaani huna ajira, nenda BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ukaulizie mafunzo ya kufundisha wageni na ujiandikishe kwenye kanzidata yao ya wataalamu, ili ubalozi wetu ukiombwa mwalimu uwe na jina la kutoa.