Petroli ya bei haizungushi distribyuta

"Gari kuukuu lipe oktani kubwa, litapata nguvu." Nimelisikia tena wiki hii, safari hii kuhusu Toyota Hilux kuukuu yenye injini ya 22R. Haya, kwa mara ya mwisho (najua si ya mwisho): oktani si nguvu. Lita ya petroli ya oktani 91 na lita ya 95 zikiungua hutoa joto karibu sawa. Namba ile inasema petroli inavumilia kubanwa na kuchemka kiasi gani kabla haijalipuka yenyewe mahali ambapo moto wa plagi haujafika; mlipuko huo ndio tunaouita kugonga. Basi.

22R ya kabureta ina mbano wa 9 kwa 1 na ushee kidogo, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa hadi kama sehemu moja ya tisa. Toyota iliitaka 91 RON (RON ni kipimo kimoja cha oktani). Mnaosoma maelezo ya Marekani mkaona 87, msishangilie: wenzetu huandika wastani wa RON na MON (kipimo kingine kikali zaidi, kinachotoa namba ndogo), kwa hiyo 87 yao ni kama 91 au 92 kwa RON.

Sasa linaloniudhi. Gari jipya lina kihisi cha kugonga. Likipewa oktani kubwa, kompyuta inaweza kuwahisha cheche na ukapata kitu. 22R ya kabureta haina macho hayo. Cheche inatoka pale fundi alipokaza distribyuta (kigawa cheche cha plagi), ikisogezwa na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) na vile vyuma viwili vya uzani ndani yake. Ukijaza 95, inatoka palepale. Umenunua uvumilivu ambao injini haijauomba.

Kuna na wale wa "injini hii ilizoea risasi". Risasi, madini yaliyochanganywa kwenye petroli zamani, ilifanya kazi mbili: kupandisha oktani na kulinda viti vya valvu za egzosi. 95 isiyo na risasi hailindi kiti kuliko 91 isiyo na risasi. Mwenye hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ya zamani ya chuma cha kutupwa aangalie tapeti za egzosi: nafasi ikizidi kupungua kila ukipima, valvu inazama, na dawa ni viti vigumu. 22R haimo katika kilio hiki.

Je, ikigonga kweli? Sisemi mlio wa beringi iliyolika. Nasema ule mlio wa changarawe kwenye kopo. Injini ikishapata moto, panda mlima na mzigo, gia ya nne, kilomita 40 kwa saa, kanyaga. Ukiusikia, usikimbilie pampu. Chomoa mpira wa vakyumu na uuzibe, pima taimingi (wakati wa cheche) kwa taa yake, linganisha na stika iliyo chini ya boneti. Legeza distribyuta, irudishe digrii 2, kaza, jaribu tena. Usirudishe ovyo: egzosi itawaka moto na gari litakunywea mafuta. Kisha fyonza mpira wa vakyumu kwa mdomo; sahani ndani ya distribyuta isiposogea, huenda diaframu (utando unaovutwa na vakyumu) imepasuka. Angalia hewa inayoingia chini ya kabureta, kwa kuwa mchanganyiko wenye mafuta kidogo hugonga. Kagua pia rejeta na themostati, maana injini yenye joto mno hugonga.

Swali ambalo watu hawaulizi: hedi imewahi kusagwa? Ikichemka ikapinda, hunyooshwa kwa mashine, na kila kilichokwanguliwa kimepandisha mbano. Ongeza kaboni juu ya pistoni. Vitabu huandika kana kwamba injini ya miaka 35 bado ni ile ya kiwandani. Ukishasahihisha hayo yote na bado inagonga, 95 ni dawa halali. Itahitaji ngapi hasa, siwezi kukisia bila kufungua hedi. Hata sikio langu si kipimo: mwendo mkubwa kelele humeza mlio, na huko ndiko pistoni hutobolewa.

Mwinuko nao una hila. Nairobi, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi na injini haigongi kirahisi. Fundi huwahisha taimingi, gari linachangamka, kila mtu anafurahi. Likishuka Mombasa na tani moja mgongoni, linaanza kulia, na lawama anabebeshwa mwenye kituo cha mafuta.

Ila pengine anastahili. Wapo wanaochakachua petroli kwa mafuta ya taa, ambayo yana oktani duni kabisa; kupambana na uchakachuaji ndiko kulikofanya Tanzania ianze kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 na Kenya ikatoza shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Ikigonga ghafla baada ya kujaza, badilisha kituo kabla ya kugusa distribyuta.

Vichupa vya kuongeza oktani: "pointi 5" zinazotangazwa mara nyingi ni nusu ya namba moja ya oktani. Vingine huacha plagi nyekundu kama kutu. Changanya nusu tangi ya 91 na nusu ya 95, utapata kama 93 kwa uhakika zaidi.

Na injini inayoendelea kujitikisa baada ya kuzima ufunguo? Solenoidi ya kukata mafuta kwenye kabureta, au mzunguko wa injini gari likiwa limesimama umewekwa juu mno.