Mhadhiri, mzigo wa kazi unaokuumiza uweke kwenye maandishi

Kila msimu wa mitihani, sisi maofisa wa usalama na afya kazini hupokea malalamiko ya wahadhiri: silali, presha imepanda, kichwa hakitulii. Mengi huja kwa mdomo, na neno la mdomo halifunguliwi jalada.

Dhana kwamba mhadhiri "anafundisha saa sita kwa wiki, basi" ikome. Mwenye darasa la wanafunzi 600, akitumia dakika 15 kwa kila kitabu cha majibu, ana saa 150 za kusahihisha. Kwa wiki ya kisheria ya saa 45, hizo ni wiki tatu na ushee, bado hajagusa tasnifu za uzamili, hajaingiza alama kwenye mfumo, wala hajaandika makala anayodaiwa ili apandishwe cheo. Kazi hiyo huhamia usiku, nyumbani.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Na presha, ndugu zangu, mara nyingi haina dalili. Msomi anayesema "naijua ikipanda" anahatarisha maisha yake. Ipimwe kwa mashine. Vidonda vya tumbo navyo, vingi husababishwa na bakteria au dawa za maumivu, si mawazo. Kapime.

Sasa utaratibu. Mwandikie mkuu wa idara ukitaja idadi ya kozi, wanafunzi na saa, nakala kwa mwakilishi wa usalama na afya. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Usipojibiwa, lete nakala hiyo OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi nchini Tanzania. Mkaguzi anaweza kumpa mwajiri hati ya kurekebisha kasoro kwa muda maalumu, na kuikaidi ni kosa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003.

Ukiugua, cheti cha daktari kitaje ugonjwa uliothibitishwa, mathalani sonona au shinikizo la damu. "Uchovu wa kazi" peke yake hautoshi, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linauhesabu kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Watumishi wa umma wasome pia Kanuni za Kudumu.

Madai ya fidia hupelekwa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ndani ya miezi 12, yakiwa na ushahidi wa daktari kwamba maradhi yametokana na kazi. Ambatisha na zile barua zenye muhuri.